Injini Inayokohoa

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa natoka dukani, nimefika nyuma ya mashine ya kusaga pale Majengo, nikasikia mngurumo ambao haukuwa wa pikipiki wala wa jenereta. Ulipanda, ukatulia, halafu katikati ya kutulia ukakohoa kama mtu aliyepaliwa na uji, ukaendelea. Sauti ile ilikuwa na maji ndani yake. Nikaongeza mwendo.

Kwenye uwanja wa gereji ya mjomba wangu Elias, injini ya boti ilikuwa imefungwa kwenye ubao mnene, mguu wake umezamishwa ndani ya pipa. Maji yalikuwa yanachemka na kurukia suruali ya mjomba. Wapita njia walikuwa wamesimama kutazama, na hawakuwa na kosa. Mpanda mjini hatuna ziwa. Ziwa Tanganyika liko mbali huko Karema, safari ya vumbi, na watu wengi wa umri wangu wanaijua boti kwa kuiona kwenye simu. Hata mimi Hilari, pamoja na maneno yangu mengi, maji makubwa niliyokuwa nimeyaona kwa macho yangu yalikuwa ya bwawa la Milala.

Mwenye injini alikaa pembeni juu ya tairi kuukuu. Aliitwa Martin, mvuvi wa dagaa kutoka mwalo mmoja, yaani ufukwe wanakotia nanga wavuvi, kusini mwa Karema. Mtu wa makamo, mabega mapana, mikono imekatwakatwa na kamba. Injini yake ilipokohoa aliinamisha uso kama mtu anayesemwa hadharani.

Mjomba alizima, akanieleza mambo yalivyo. Martin alikuwa ameileta injini itengenezwe iuzwe. Mnunuzi alikuwa amepatikana, mfanyabiashara wa hapohapo Majengo, naye angekuja jioni kuitazama. Kabla ya jioni kikohozi kile kilitakiwa kiwe kimeondoka. Baada ya hapo Martin hangerudi ziwani. Alikuwa na binamu kule Ugalla mwenye mizinga ya nyuki, na alikusudia kwenda kuishi huko na mke wake na binti yao Yustina.

"Mvuvi akafuge nyuki?" nilimuuliza.

"Nyuki haiti mtu usiku," alisema.

Sikumwelewa, na sikuuliza, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kwingine. Mimi nauza vipuri kwenye kibanda kilichopakana na gereji, lakini kazi yangu hasa ni mashairi. Kupanga mizani nilijifunza mwenyewe, hakuna mwalimu aliyenishika mkono, na sioni haya kusema kwamba nimewapita wengi walioshikwa. Wiki ile redio ya mjini ilikuwa imenipa nafasi ya Jumamosi asubuhi, nami nilikuwa natunga utenzi wa maharamia wa dunia nzima, tangu enzi za kale mpaka leo. Kila aliyeleta pikipiki kwa mjomba alikuwa ameshasomewa sehemu yake, apende asipende.

Mjomba alimwambia Martin, huku anafungua kabureta, "Huyu hapa ndiye nahodha wetu. Ana meli nyingi sana, ila zote ziko ndani ya simu."

"Maharamia nimekutana nao," Martin alisema taratibu.

Mtu mwingine angenyamaza amsikilize. Mimi nilivuta kigoda nikaanza kumpa wangu kwanza. Nilimweleza habari za kijana wa Kirumi aliyetekwa na maharamia, ambaye aliposikia kiasi walichodai ili wamwachie aliwacheka, akawaambia mtu kama yeye ana thamani kubwa zaidi. Nikamweleza habari za mwanamke wa Uchina aliyeamuru mamia ya majahazi mpaka serikali ikaona bora ipatane naye. Nikaja kwa wale wa visiwa vya Karibiani, ambao ndio niliowapenda kuliko wote, maana walikuwa mabaharia walionyanyaswa na mabwana zao, wakaasi, wakaandika sheria zao wenyewe. Aliyekatika mkono vitani alilipwa fidia. Nahodha alipigiwa kura. Nikasimama juu ya kigoda nikamsomea:

*Nahodha walichagua,*
*kwa mikono kuinua,*
*asiyefaa kuvua*
*cheo chake hadharani.*

Fundi wa jirani alipiga makofi kwa spana. Martin hakupiga. Aliuliza swali moja tu, kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. "Walikuwa wanaikaribiaje meli? Bahari ni wazi. Ukimwona mtu mbaya si unakimbia?"

Swali hilo lilinifurahisha, kwa sababu jibu lake nilikuwa nimelitunga juzi yake. Nilimwambia haramia mjanja hakuja na bendera yake nyeusi. Alibeba bendera za mataifa yote chini ya sitaha. Akiona meli ya Waingereza anapandisha ya Kiingereza, akiona ya Wahispania anapandisha ya Kihispania, na wenye meli wanapunguza mwendo wapate kusalimiana, labda wapewe habari za nyumbani. Akishafika karibu ndipo anaishusha.

*Bendera walipandisha,*
*ya rafiki kuonyesha,*
*mwenye meli akashusha*
*tanga lake, akangoja.*

Martin alirudia mstari wa mwisho bila sauti, midomo tu ikitembea. Kisha akasema, "Kwetu hawana bendera. Wanaita."

Akatueleza. Kwao dagaa huvuliwa wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa za betri zinazovuta samaki juu. Mtumbwi ambao taa zake zimekufa hauonekani, na usioonekana unaweza kugongwa au kuchukuliwa na upepo mpaka upande wa Kongo. Kwa hiyo tangu zamani za taa za karabai kulikuwa na desturi. Aliyezimikiwa hupaza sauti, "Giza kwetu!" Mtumbwi ulio karibu, uwe wa ndugu au wa mtu mliyegombana naye asubuhi, hujibu, "Tunakuja," na huja. Hakuna anayeuliza ni nani. Kuuliza kulihesabiwa uchoyo.

Mwaka uliopita waliita watu ambao Martin hakuwajua. Akajibu, akaenda, na alipowamulika aliona bunduki. Walichukua injini, nyavu, taa na mafuta, wakawaachia yeye na wenzake kasia moja. Walirudi wakiwa hai. Akajikusanya, akapata injini hii kuukuu yenye kikohozi, akarudi majini.

"Halafu?" niliuliza.

Mjomba alinitupia jicho la kuniambia nyamaza, lakini Martin alikuwa ameshaanza.

Kabla ya masika alisikia tena. Upepo ulikuwa umeanza, na sauti ilitoka upande wa mlima. Giza kwetu. Aliwaambia vijana wake wazime taa zote. Akawasha injini, akaelekea nchi kavu. Sauti iliita mpaka ikabaki nyuma. Asubuhi ndipo walipojua waliokuwa wanaita ni Didace na mdogo wake Gideon, watoto wa Mama Libérate, nyumba ya tatu kutoka kwake. Mtumbwi wao ulikuwa umeachia ubao. Gideon alishikilia dumu mpaka kukakucha. Didace hakuweza.

"Walijuaje kuwa ni wewe?" nilimuuliza.

Martin alielekeza kidevu kwenye pipa. "Gideon aliisikia inavyokohoa."

Hakuna aliyemshtaki. Hakuna aliyemtukana. Ila kwao mtumbwi ukifika mwaloni, kila aliye ufukweni huinuka kuuvuta, bila kuitwa. Wa Martin ulipofika, watu waliendelea kukaa. Yeye na vijana wake waliuvuta peke yao. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya hapo vijana wake walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, huyu anauguliwa na bibi, yule ameitwa shambani. Sasa ana mtumbwi na hana wa kukaa ndani yake.

Damu ilinipanda. Nilimwambia wanamwonea. Nilimwambia aliyemuua Didace ni yule aliyeita kwa uongo mwaka uliopita, na kwamba ningekuwa mimi ningesimama katikati ya mwalo niwaambie hivyo, tena kwa beti.

"Dogo," alisema, "hayo yote nimeshajiambia. Nayajua kwa moyo kama wewe unavyojua mashairi yako. Yanafika mpaka hapa." Akagusa koo. "Hayashuki."

Saa nane ya mchana ilikuwa imepita, kabureta imelala vipandevipande kwenye sinia la mjomba, alipoingia uwanjani mwanamke mrefu mwembamba, kitenge amekifunga juu ya kiuno, miguu myeupe kwa vumbi la barabara. Martin aliinuka kutoka kwenye tairi haraka kiasi kwamba tairi lilibingirika likaenda kugonga pipa.

"Shikamoo, Mama Didace," alisema.

Yule mama, ndiye Mama Libérate mwenyewe, aliitikia. "Marahaba, Baba Yustina."

Mjomba alimpa kiti chake chenye mto, ambacho hata mimi siruhusiwi kukikalia. Nikamletea maji. Alikunywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaniambia ana mdogo wake anaitwa Skolastika kule Ilembo, usiku amelala kwake, na asubuhi amezunguka mjini akiuliza gereji yenye injini ya boti. Mke wa Martin ndiye aliyemwambia kuwa inauzwa.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo," Martin alisema.

"Iwasheni niisikie."

Mjomba alimwonyesha sinia. Ingechukua muda kidogo. Mama Libérate alisema hana haraka, akakunja mikono mapajani. Tulikaa. Mimi nilikuwa nafikiri amekuja kudai au kulaani, na nadhani Martin alifikiri hivyo hivyo, maana hakurudi kukaa. Alisema, akiangalia chini, kwamba kama mama anaitaka injini, aichukue. Ampelekee Gideon. Yeye angemwambia mnunuzi asije.

"Gideon nikimpa injini atakwenda mbali zaidi," Mama Libérate alijibu. "Akikwama huko, nani atamfuata?"

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia mama, kwa heshima zote lakini kwa sauti, kwamba kosa si la huyu mtu, kosa ni la maharamia, na dunia nzima maharamia ndivyo wanavyofanya, wanatenda wao halafu wanaacha watu wema walaumiane.

Alinigeukia. "Wewe ni nani?"

"Mpwa wangu," mjomba alidakia. "Ni mshairi."

"Aa," alisema Mama Libérate, kama mtu aliyeambiwa mtoto ana homa. "Mshairi, mimi maharamia sijui wanakolala. Huyu najua anakolala. Mlango wake naupita nikienda kuteka maji."

Fundi wa jirani alicheka, akajifanya anakohoa. Sikukasirika. Nilirudi kukaa kwenye kigoda changu.

Kisha mama akauliza hayo mashairi yangu yanahusu nini. Nikamwambia, safari hii nikiwa nimekaa. Nilimsomea ule ubeti wa bendera, kwa sababu wa kura niliona haya kuusoma mbele yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Baada ya hapo wenye meli walifanyaje? Wale wengine, waliosikia habari. Walipokutana baharini walisalimiana tena?"

Nilikuwa nimesoma habari za maharamia wa bahari zote. Majina ya manahodha wao nayajua, vifo vyao navijua. Hilo sikuwa nimelisoma mahali. Nilimwambia sijui, nadhani kila meli iliikimbia nyingine.

"Basi ndivyo ilivyo kwetu sasa," alisema, na kutoka hapo hakuniangalia tena, alimwangalia Martin. "Wewe ulizima taa. Sasa kila mtu anazima. Juzi watoto wa Alois wameita mpaka sauti zimekauka, na mitumbwi ilikuwepo pande zote mbili. Wamerudi wakipiga makasia kwa mabakuli. Wanaokaa ufukweni wasikuvutie mtumbwi, haohao wakiwa majini wanazima. Najua, maana nawauliza, na wananiangalia miguu."

Martin alisema, "Ndiyo maana naondoka, mama. Nikiondoka mimi, labda watasahau."

"Ukiondoka wewe, itabaki hivyo hivyo. Watasema hata Martin alikimbia."

Mjomba alikuwa amemaliza kufunga kabureta. Alifuta mikono, akavuta kamba. Injini ikashika, pipa likachemka, sauti ikapanda vizuri, laini, na mjomba akanitazama kwa majivuno. Halafu akaipunguza itulie. Ikakohoa.

Mjomba aliguna kwa aibu. Aligusa hapa na pale, akaongeza, akapunguza. Ikakohoa tena. Mama Libérate alikuwa amefumba macho.

"Ndiyo hiyo," alisema, na ilibidi apaze sauti kuushinda mngurumo. "Gideon anaiiga. Akiwa anashona nyavu, mwenyewe hajui kama anaiiga. Anaanza kwa nguvu, halafu anaipunguza, anaipunguza, mpaka inakwisha. Ndivyo alivyoisikia. Ikienda."

Mjomba akazima. Maji yakatulia ndani ya pipa.

"Nataka aisikie ikija," alisema.

Martin alifunika uso kwa kiganja, akakiondoa. Niliona alikuwa na neno na kwamba neno hilo ndilo lililomleta Mpanda. Lilimtoka polepole. "Na wakiwa ni wenyewe? Mama, nina mtoto. Nikijibu, nikaenda, nikakuta ni wale wale?"

Nilitegemea mama amwambie Mungu yupo, au asijali. Hakusema hivyo. Alikaa akiwaza kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba.

"Sijui," alisema. "Nami nimewaza hilo njia nzima. Uliza. Wazee walisema kuuliza ni uchoyo, lakini wazee hawakuonyeshwa bunduki. Uliza, mama yako nani? Basi. Haramia anaweza kujua jina la mwalo, anaweza kujua jina lako wewe. Lakini majina yetu sisi akina mama tunaoanika dagaa hawezi kuyajua. Mtoto wa pale kwetu atakutajia mama yake, na mama yake unamjua, umekula kwake."

Mjomba Elias alitikisa kichwa kwa kuafiki kama mtu aliyeonyeshwa njia rahisi ya kufungua boliti. Mimi nilikuwa nalirudia swali hilo kimoyomoyo, nikihesabu silabi zake bila kutaka, mama yako nani, na nikajua kwamba Jumamosi nisingesoma nilichokuwa nimekitunga, si chote.

Martin aliuendea ule ubao, akaweka mkono juu ya kifuniko cha injini, bado ina joto. Alimuuliza mjomba kama kikohozi kile kinaweza kuiua. Mjomba alisema hapana, kitakula mafuta kidogo, na kwamba akipewa siku nyingine atakipata tu, hakijawahi kumshinda kikohozi.

"Kiache," Martin alisema.

Akaomba simu ya mjomba, kwa kuwa yake ilikuwa imeisha chaji, akasogea mpaka ukutani akaongea na mnunuzi. Aliomba radhi sana. Tulimsikia akisema hapana, si habari ya bei, haiuzwi tena. Aliporudi alisimama mbele ya kiti cha Mama Libérate, mikono nyuma.

"Gari la Karema linaondoka alfajiri," mama alimwambia. "Nami narudi nalo. Utakaa na injini yako nyuma kwenye mizigo au utakaa mbele na mimi?"

"Nitakaa mbele."

"Na ukifika utavuta mtumbwi peke yako. Hawatainuka siku ya kwanza."

"Najua."

"Mimi nitainuka," alisema. "Lakini mgongo wangu unauma, usitegemee sana." Kisha akamwambia, "Sasa sema. Sitaki niende kumwambia Gideon kwamba uliitikia kwa kichwa. Nataka nimwambie maneno."

Martin alitutazama, mimi na mjomba na fundi wa jirani, nasi hatukuondoka. Akamgeukia mama.

"Mama Didace," alisema, "nikisikia giza kwetu, sitazima taa. Nitauliza mama yake nani. Akinitajia wewe, au mama yeyote wa pale kwetu, nitamjibu tunakuja, na nitakuja."